Kabla ya Kumwita Garasa, Uliza Alitumwa Kufanya Nini

Hotuba hii niliitoa mbele ya mashabiki na wachambuzi waliokutana kuzungumzia mijadala yetu ya soka mtandaoni. Wengi waliokosa kufika wameniomba niiweke yote, nami naiweka kama nilivyoisema.

Ndugu zangu mashabiki, ndugu zangu wachambuzi, dada zangu na wadogo zangu mliokaa nyuma kule, nawasalimu nyote.

Nianze na swali, na naomba mnijibu kwa mikono. Nani hapa, mwezi huu, ameandika mtandaoni kwamba mchezaji fulani hafai, ni garasa tu? Nyoosheni. Asanteni. Naona karibu ukumbi mzima, na mkono wangu uko juu pamoja na yenu.

Swali la pili. Kati ya hao mliowaandika, yupi mlimtazama kwa dakika zote 90, yeye peke yake, hata mpira ulipokuwa mbali naye?

Mikono imeshuka. Na wangu umeshuka. Basi kilichoishusha mikono hii ndicho kilichonileta mbele yenu leo.

Sikuja kuwaambia muache kubishana. Ubishi ni nusu ya utamu wa mpira. Kipenga cha mwisho kikilia, mechi ya pili ndiyo kwanza inaanza kwenye simu zetu: nani kaupiga mwingi, nani kauza mechi, kwa nini kocha kamtoa yule akamwacha huyu. Naupenda ubishi huo kwa moyo wangu wote, na nimeufanya kwa miaka mingi. Ninachotaka ni tubishane juu ya mechi. Maana siku hizi, jamani, tunabishana juu ya sekunde 40 za mechi.

Na sekunde 40 sizitaji kwa kubahatisha. Ngoja niwasimulie.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwandama beki mmoja wa kushoto. Jina lake silitaji, amekwisha kuumia vya kutosha kwa ajili yangu. Alikuwa kijana mdogo, msimu wake wa kwanza na timu ya wakubwa. Timu yake ikafungwa 1-0, nami niliudhika kwa sababu winga aliyekuwa mbele yake alicheza mpweke mechi nzima. Kila winga alipopata mpira, mabeki wawili walimvaa, na yule kijana hakupanda kumsaidia. Hakupanda hata mara moja! Nikakata klipu ya sekunde 40. Nikamchorea duara jekundu pale aliposimama karibu na mstari wa kati, mikono kiunoni, mwenzake akihangaika peke yake kule mbele. Chini nikaandika neno moja: "Garasa."

Klipu ile ilisambaa kuliko chochote nilichowahi kuandika. Watu waliongeza yao. Wakaiwekea muziki. Mimi nilikuwa naangalia namba zinavyopanda, na nawaambia ukweli wa Mungu, nilifurahi.

Wiki chache baadaye nikakutana na msaidizi wa kocha wa timu ile. Hakunifokea. Alikusanya vifuniko vya chupa vilivyokuwa mezani, akavipanga mbele yangu. Akasema, hiki ni winga wao wa kulia, hakuna mwenye mbio kama zake uwanjani. Hiki ni beki wetu wa kulia, tuliyemruhusu apande kila akipata upenyo. Sasa huyu wa kulia kapanda, na wa kushoto naye apande, nyuma wanabaki wangapi? Akavisogeza vile vifuniko viwili mbele, vikabaki viwili nyuma, na kile cha mwenye mbio kikawa peke yake kwenye uwazi mkubwa. Nikanyamaza. Akakirudisha kifuniko cha yule kijana nyuma, akakiingiza ndani kidogo, wakawa watatu. Akasema: "Tulimwambia, ukivuka mstari wa kati nakutoa."

Halafu akaniambia jambo ambalo silisahau. Siku ile kwenye basi la timu, mchezaji mmoja wa kiti cha nyuma alikuwa akiitazama klipu yangu, sauti iko juu. Kijana amekaa kiti cha mbele yake, anasikia kila kitu, kageukia dirishani.

Nilirudi kwangu nikaitazama mechi upya, kuanzia dakika ya kwanza, macho yangu kwa yule kijana tu. Mara 11 yule winga mwenye mbio alipokea mpira akitaka kuondoka nao. Mara 11 alimkuta kijana ameshakaa mbele yake, akarudisha mpira nyuma. Bao lililowafunga lilitokana na kona. Yule niliyemwita garasa ndiye aliyeufunga upande wote wa kushoto, na alifanya hivyo kwa kusimama palepale nilipomchorea duara.

Nikaandika masahihisho. Waliyasoma wachache sana. Ile klipu bado inazunguka.

Tangu siku hiyo nina swali moja ninalojiuliza kabla sijagusa simu: alitumwa kufanya nini? Naomba mlibebe swali hilo, kwa sababu nitalirudia mpaka mchoke. Alitumwa kufanya nini?

Sasa tufanye hesabu ndogo pamoja. Mechi ina dakika 90. Ondoa mipira iliyotoka nje, faulo, kona zinazosubiriwa, wachezaji waliolala wanatibiwa. Mpira unabaki ukichezwa kwa dakika 55 au 60 hivi. Uwanjani wako watu 22. Gawa 60 kwa 22. Mnapata ngapi? Hazifiki dakika tatu kwa mtu, na bado hatujatoa muda ambao mpira uko hewani au uko njiani kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Kwa hiyo mchezaji tunayemhukumu anashika mpira kwa dakika mbili hivi. Na zile nyingine zaidi ya 80, anafanya nini?

Hizo ndizo hatuzioni. Kamera inaufuata mpira, na jicho letu linaifuata kamera. Mshambuliaji akifunga tunaona mguu uliofunga. Hatumwoni mwenzake aliyekimbia kwenda upande wa pili akamvuta beki wa kati, akamwachia njia. Yule aliyekimbia bure, tunamwandika kwamba leo hakuonekana.

Mnamkumbuka Claude Makélélé? Wadogo zangu wa nyuma pengine hamkumwona akicheza. Huyu alikuwa kiungo mkata umeme hasa, mvunja mashambulizi mbele ya mabeki wake. Alicheza Real Madrid kuanzia 2000 hadi 2003, kikosi ambacho mbele kilikuwa na Zidane, Figo, Raúl, baadaye na Ronaldo wa Brazil, na Roberto Carlos akipanda kama winga kutoka nyuma. Mataji mawili ya ligi, na Ligi ya Mabingwa ya 2002. Katika klipu za enzi hizo utaona mabao, chenga na mashuti ya mbali. Makélélé humwoni. Kazi yake ilikuwa kuupoka mpira na kumpasia wa karibu, basi. Ambaye angemkatia klipu ya dakika mbili angepata pasi fupi 30 na wala hakuna ambaye angeisambaza.

Mwaka 2003 aliomba aongezewe mshahara, akakataliwa, akaenda Chelsea. Majira hayohayo Madrid wakamleta David Beckham. Kwa macho ya shabiki, timu imeongezeka au imepungua? Imeongezeka! Kaondoka mtu wa pasi fupi, kaja mtu wa krosi na mipira ya adhabu. Msimu uliofuata Madrid walimaliza nafasi ya nne, wakapoteza mechi tano za mwisho za ligi, na hawakutwaa tena ubingwa wa Hispania mpaka 2007. Ni kweli kocha Vicente del Bosque naye aliondoka 2003, siwezi kumbebesha mtu mmoja kila kitu. Lakini angalieni upande wa pili. Chelsea, msimu wa 2004-05, Makélélé akiwa amesimama mbele ya mabeki wa kati, wakachukua ubingwa wa Uingereza kwa kufungwa mabao 15 tu katika mechi 38. Na Frank Lampard, kiungo mwenzake, akafunga 13 kwenye ligi msimu huohuo. Mnadhani Lampard alipata wapi ujasiri wa kulikimbilia lango kila mara? Alijua nyuma yake kuna mtu.

Yule alitumwa kufanya nini? Alitumwa kuwafanya wengine wacheze. Waingereza walikuja kuiita nafasi ile kwa jina lake.

Upande wa pili wa jambo hili ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu tunawaonea mabeki. Tarehe 2 Mei 2009, Barcelona walikwenda Bernabéu, nyumbani kwa Real Madrid, wakashinda 6-2. Mabeki wa kati wa Madrid walikuwa Fabio Cannavaro na Christoph Metzelder. Cannavaro huyuhuyu aliinua Kombe la Dunia 2006 akiwa nahodha wa Italia, na mwaka huohuo akapewa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora. Ukiyatazama mabao sita ya siku ile peke yake, utaandika kwamba Cannavaro kaisha, hajui hata asimame wapi.

Ni kweli hakujua asimame wapi. Tatizo liliwekwa na Pep Guardiola, kocha wa Barcelona wakati ule. Alimtoa Samuel Eto'o katikati akampeleka kulia, Thierry Henry akiwa kushoto, na Lionel Messi akamweka katikati kama namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, lakini asiyekaa mahali pa namba tisa. Messi alirudi nyuma hadi kwa viungo wenzake, Xavi na Iniesta. Sasa wewe ni Cannavaro. Ukimfuata Messi mpaka kiungoni, nyuma yako kuna shimo, na Henry na Eto'o wanaliingia. Ukibaki mahali pako, Messi, Xavi na Iniesta wanakuwa wengi kuliko viungo wenu, wanageuka watakavyo. Ungefanyaje? Nawauliza kwa dhati, ungefanyaje? Jibu la swali lile lilitakiwa kutoka benchi na kutoka kwa timu nzima, mtu mmoja hawezi kulijibu kwa miguu yake miwili. Lakini kwenye picha anaonekana yeye, na Messi anampita.

Kwa hiyo unapomwona beki kafanywa kituko, rudisha video nyuma sekunde kumi. Mpira ulitoka wapi? Nani alitakiwa kumkaba aliyeutoa? Mara nyingi kosa limefanyika mita 40 kabla, na yule tunayemcheka ndiye aliyebaki wa mwisho kulipa.

Najua wapo hapa wanaosema moyoni, "Sisi hatuhangaiki na klipu, sisi tunakwenda na takwimu. Takwimu hazidanganyi." Vizuri. Nawatajia mechi moja bila majina. Timu ya kwanza imemiliki mpira asilimia 52, imepiga mashuti 18. Timu ya pili asilimia 48, mashuti 14. Nani kashinda? Semeni. Nasikia sare. Nasikia ya kwanza, 2-1.

Timu ya kwanza ni Brazil. Ya pili ni Ujerumani. Nusu fainali ya Kombe la Dunia, Belo Horizonte, tarehe 8 Julai 2014. Ujerumani 7, Brazil 1.

Nasikia miguno, na mimi niliguna hivyohivyo nilipoziona kwa mara ya kwanza. Namba zile hazikudanganya, kila shuti lilipigwa kweli. Ila hazikusema lini. Kati ya dakika ya 23 na ya 29 Brazil walifungwa mabao manne, ikawa 5-0. Baada ya hapo Wajerumani hawakuwa na haraka na mtu, na Brazil walikuwa na mpira kwa sababu mechi ilishakwisha. Beki Thiago Silva alikuwa nje kwa kadi, Neymar kaumia, na viungo walikuwa wakipitwa kama hawapo. Takwimu za dakika 90 zilizitia dakika sita zile kwenye gunia moja na nyingine zote, zikapotea humo.

Halafu tuna mabao tarajiwa, ambayo siku hizi kila mchambuzi anayataja. Ni kitu kizuri, nakitumia mwenyewe. Kila shuti linapewa uzito kati ya 0 na 1 kwa kuangalia mashuti mengi ya zamani yaliyopigwa kutoka mahali kama pale, kwa mguu au kichwa, kwa pembe ile. Penalti huwa karibu 0.76 au zaidi kidogo, maana yake katika penalti 100, kama 76 zinaingia. Lakini jamani, kama 24 haziingii, kwa nini aliyekosa moja tunamwita mwoga? Shuti la 0.1 litaingia mara moja kati ya kumi. Mshambuliaji aliyekosa mashuti matatu ya namna hiyo hajafanya ajabu yoyote, na aliyefunga moja hajawa Pelé. Kipimo hiki kinaanza kusema jambo la maana juu ya mtu ukimpima kwa mechi nyingi. Sisi tunakitumia Jumamosi usiku kumaliza ubishi wa Jumamosi hiyohiyo.

Na pasi je? Tarehe 1 Julai 2018, Kombe la Dunia, Hispania walipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Urusi, wakatoka 1-1, wakatolewa kwa penalti. Tarehe 6 Desemba 2022, Kombe la Dunia lililofuata, Hispania tena, pasi zaidi ya 1,000 tena, safari hii dhidi ya Morocco. Shuti moja tu lililolenga lango kwa dakika 120. Wakatolewa kwa penalti 3-0: Sarabia akagonga mlingoti, kipa Yassine Bounou akazicheza za Soler na Busquets, na Achraf Hakimi akaudokoa wa mwisho katikati ya lango taratibu kana kwamba yuko mazoezini.

Nakumbuka usiku ule mtandaoni. Nusu walisema Morocco wamepaki basi, yaani wamejazana tu nyuma, wamebahatisha. Hivi mtu anabahatisha kwa dakika 120? Itazameni ile mechi upya. Mtazameni kiungo wao Sofyan Amrabat anavyotembea hatua mbili kushoto, mbili kulia, akiwafungia Wahispania njia ya kumpata mtu kati ya mstari wa viungo na wa mabeki. Watazameni mawinga wanaorudi mpaka usawa wa mabeki, kisha wanatoka pamoja. Wahispania waliachiwa pasi za pembeni na za nyuma kwa sababu hizo hazina madhara. Pasi zile 1,000 nyingi ni Morocco waliozitaka zipigwe! Siku nne baadaye wakamtoa Ureno 1-0, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Tukisema walibahatisha, tumewanyima wachezaji na kocha Walid Regragui kazi yao.

Nakuja kwenye jambo zito kidogo.

Mei 26, 2018, fainali ya Ligi ya Mabingwa, Kyiv. Real Madrid 3, Liverpool 1. Kipa wa Liverpool, Loris Karius, anaurusha mpira kwa mkono unagonga mguu wa Karim Benzema, bao. Baadaye shuti la mbali la Gareth Bale linampita mikononi, bao. Mnakumbuka alivyozunguka uwanja akilia, ameinua mikono kuwaomba mashabiki radhi? Na mnakumbuka tulichoandika? Alitukanwa, akatishiwa hata kuuawa. Siku chache baadaye madaktari wa hospitali moja ya Boston waliompima wakasema alipata mtikisiko wa ubongo kwenye mechi ile, na kwamba inawezekana ulimwathiri katika kuona na kukadiria umbali. Rudisheni video: kabla ya bao la kwanza, kiwiko cha Sergio Ramos kinamgonga kichwani ndani ya boksi. Kilikuwa mbele ya macho yetu wote. Hatukukiona, kwa sababu mpira ulikuwa mahali pengine.

Sisemi kila kosa lina cheti cha daktari. Makipa hukosea wakiwa wazima kabisa. Nasema kwamba usiku ule hapakuwa na mtu mtandaoni aliyejua, na hapakuwa na mtu aliyeandika kama asiyejua.

Na msidhani jambo hili lilianza na simu. Moacir Barbosa alikuwa kipa wa Brazil mwaka 1950, Maracanã, watu karibu laki mbili uwanjani. Brazil walihitaji sare tu dhidi ya Uruguay ili wawe mabingwa wa dunia. Wanaongoza 1-0. Dakika ya 66 Alcides Ghiggia anampita beki kulia, anamimina krosi, Schiaffino anasawazisha. Dakika ya 79 Ghiggia anapita tena palepale, kwa namna ileile. Barbosa anafanyaje? Anapiga hatua kutoka kwenye mlingoti kuisubiri krosi, kama ambavyo kipa yeyote mwenye akili angefanya baada ya kile kilichotokea dakika 13 nyuma. Ghiggia anaona uwazi mdogo kati yake na mlingoti, anapiga hapo. 2-1.

Barbosa alisoma mchezo. Alikosea, lakini alikosea kwa sababu alifikiri. Aliishi miaka 50 baada ya bao lile, hadi 2000, na nchi yake haikumsamehe. Uzeeni alisema adhabu kubwa kabisa ya kifungo Brazil ni miaka 30, yeye ametumikia 50 kwa jambo ambalo halikuwa hata kosa lake peke yake. Na yeye na mabeki wawili waliobeba lawama pamoja naye, Bigode na Juvenal, walikuwa Weusi. Hilo halikuwa bahati mbaya.

Sogeeni sasa hadi tarehe 11 Julai 2021, fainali ya mataifa ya Ulaya, England na Italia, 1-1, penalti. Marcus Rashford anagonga mlingoti. Ya Jadon Sancho inadakwa. Ya mwisho anapewa Bukayo Saka, kijana wa miaka 19, kipa Gianluigi Donnarumma anaicheza. Ndani ya dakika chache simu za vijana watatu Weusi zinajaa picha za nyani. Wahenga walisema maneno matupu hayavunji mfupa, lakini wahenga hawakuwahi kushika simu ya kijana wa miaka 19 usiku ule.

Na mechi ile ilikuwa na mjadala mkubwa wa mpira, tena mtamu! Kocha Gareth Southgate aliwaingiza Rashford na Sancho mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza kwa ajili ya penalti, hawajapata hata jasho. Ilikuwa sawa? Na ya tano umpe kijana kuliko wote? Kuna wa kusema ndiyo, kwa sababu mazoezini walikuwa wapigaji wazuri. Kuna wa kusema hapana, mguu uliopoa si wa kuubebesha fainali. Mimi nasema hapana, na niko tayari kubishana na yeyote hapa mpaka usiku. Huo ndio ubishi ninaoutetea. Kilichofanyika badala yake hakikuwa na mpira ndani yake hata kidogo. Miaka mitatu baadaye, robo fainali ya mashindano hayohayo dhidi ya Uswisi, Saka alisawazisha dakika ya 80, kisha akaenda kupiga penalti na akafunga. Nilimwangalia anavyoutenga mpira, nikashika kichwa, sikuweza kukaa.

Wachambuzi, neno moja kwenu, maana sisi ndio tunaowapa mashabiki maneno ya kutumia. Tukisema "kazembea", kesho wanasema "kazembea". Tukisema "mfumo ulimwacha peke yake", kesho wanauliza mfumo ni nini. Na tukikosea tuseme. Alex Ferguson, kocha wa Manchester United enzi hizo, alimuuza Jaap Stam kwenda Lazio mwaka 2001, akiamini beki yule wa miaka 29 hakurudi kuwa yuleyule baada ya kuumia mguu. Stam akaendelea kucheza kwa kiwango cha juu, 2005 akacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa akiwa na AC Milan, na Ferguson akakiri hadharani kwamba alikosea. Ferguson, aliyekuwa akimwona mtu yule mazoezini kila siku! Mimi na wewe tunamwona kwa dakika mbili kwenye kioo.

Muda wangu umekwisha, naona mwenyekiti ananitazama. Kabla hatujatawanyika nina ombi. Usiku wa leo kuna mechi, na najua nyote mtaitazama. Kila mmoja achague mchezaji mmoja, asiwe nyota. Mtazame dakika 15 za kwanza, yeye tu, mpira uende unakotaka. Andika alisimama wapi timu yake ikiwa na mpira, na alisimama wapi ilipoupoteza. Andika alimwelekeza nani kwa mkono. Baada ya hapo jiulize alitumwa kufanya nini, ndipo umpe maksi utakazo.

Mimi nimemchagua beki wa kushoto wa timu ya wageni. Nitayaandika niliyoyaona mara tu baada ya kipenga, nanyi mje mnipinge.